Herufi za Kompyuta Zikiwa Ndogo Mno



Tangu mlipomaliza madarasa ya kisomo mmesoma mengi. Mmesoma barua, stakabadhi za kahawa, maelezo ya dawa na gazeti hili. Lakini siku hizi maandishi mengine hayako tena kwenye karatasi. Yako kwenye kioo cha kompyuta. Chama cha msingi kina kompyuta. Ofisi ya kata inayo. Shule nazo zinayo. Basi mtu aliyejua kusoma hana budi kusoma huko pia.

Leo tunaeleza shida moja inayowasumbua watu wengi. Kompyuta ni mpya. Ni ile ndogo ya kukunja, inayoitwa kompyuta mpakato. Picha zake zinang'aa. Lakini maneno yaliyo juu kabisa ya kioo ni madogo kama mbegu za mchicha. Mzee anainama mpaka pua inagusa kioo, na bado haoni. Mwishowe anamwambia kijana, "Nisomee wewe."

Je, tukubali hivyo? Hapana. Shida hii ina sababu, na ina dawa.

Ukanda wa juu ni kitu gani?

Ili kuona habari za intaneti tunatumia programu iitwayo kivinjari. Chrome, Firefox na Edge ni vivinjari. Ukifungua kivinjari utaona sehemu mbili. Sehemu kubwa ya chini ni ukurasa wenyewe. Hapo ndipo penye habari na picha. Sehemu ya juu ni ukanda mwembamba. Una mishale ya kurudi nyuma na kwenda mbele. Una pia kisanduku kirefu chenye anwani ya ukurasa.

Anwani hiyo ni kama jina na kijiji kwenye bahasha. Inakuambia uko kwa nani.

Kwa nini ni lazima tuisome?

Tuchukue mfano. Mko kwenye chama cha msingi huko Kamachumu au Katoro. Katibu anataka kuingia katika MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika. Mfumo huo ni wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kabla hajaandika neno lake la siri lazima ahakikishe kwamba yupo mahali penyewe.

Mwizi anaweza kutengeneza ukurasa wa uongo. Ataweka rangi zile zile na nembo ile ile. Lakini anwani yenyewe hawezi kuichukua. Ataiga karibu karibu tu. Penye herufi i ataweka l. Penye herufi m ataweka r na n zilizobanana, hivi: rn. Hebu sogeza gazeti hili mbali kidogo, ulinganishe m na rn. Umeona? Zikiwa ndogo zinafanana kama mapacha.

Ofisi za Serikali ya Tanzania zina anwani zinazoishia na go.tz. Herufi tz ni Tanzania, na go ni serikali. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ni ushirika.go.tz. Mzazi anayetafuta matokeo ya mtoto wa darasa la saba huenda kwa Baraza la Mitihani, nalo ni necta.go.tz. Mwizi mjanja huweka go.tz katikati, kisha humalizia na maneno yake mwenyewe. Kwa hiyo soma jina mpaka mwisho wake. Mwisho wa jina ni pale penye kijiti cha kwanza kilichoinama baada ya jina, hiki: /. Kama hakuna kijiti, soma mpaka mwisho wa mstari.

Sasa fikiri. Kama herufi hizo huzioni, utamtambuaje mwizi? Neno la siri likiibiwa, hesabu za chama zinaweza kuchezewa, na kahawa ni jasho la watu wengi. Ndiyo maana herufi za ukanda wa juu si jambo dogo.

Kwanza tupime macho

Kabla ya kulaumu kompyuta, tujipime. Chukua gazeti. Lishike mbele yako, kiwiko kikiwa kimekunjwa. Je, unasoma vizuri? Au unalisukuma mbali ndipo maneno yaonekane?

Mtu akifika miaka 40 hivi, lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu. Haijikunji vizuri kama zamani. Mambo ya mbali anayaona, lakini ya karibu yana ukungu. Hilo halitokani na kulogwa, wala kusoma sana hakukuleti. Ni umri tu, na humpata kila mtu. Dawa yake ni miwani ya kusomea. Nenda zahanati au kituo cha afya, wakuelekeze penye kliniki ya macho. Usivae tu miwani iliyoachwa na marehemu babu. Ile ilipimwa kwa macho yake.

Kama gazeti unalisoma vizuri lakini kompyuta huisomi, basi tatizo liko kwenye kompyuta.

Kwa nini kompyuta mpya ina herufi ndogo?

Kioo cha kompyuta kimejaa nukta ndogo sana. Kila nukta ni kama kitaa kidogo. Herufi hutengenezwa kwa nukta hizo zikiwa zimepangwa pamoja.

Akina mama wanaosuka mikeka wataelewa upesi. Tuseme unasuka ua kwenye mkeka, na ua hilo lina mistari kumi ya ukindu. Ukisuka kwa ukindu mpana, ua litakuwa kubwa. Ukisuka kwa ukindu mwembamba, mistari ni kumi ile ile, lakini ua litakuwa dogo. Ua litapendeza zaidi, ila litaonekana kwa shida. Ukitaka ua kubwa kwa ukindu mwembamba, huna budi kuongeza mistari.

Kompyuta nazo ni hivyo hivyo. Kompyuta mpakato nyingi za miaka iliyopita, zenye kioo cha inchi 15 na nusu hivi, zilikuwa na nukta 1,366 kwa upana na 768 kwa kimo. Hizo ni kama nukta 100 katika inchi moja. Inchi moja ni karibu upana wa kidole gumba. Baadhi ya zile mpya, kioo kikiwa na ukubwa ule ule, zina nukta 3,840 kwa 2,160. Hizo ni kama nukta 280 katika inchi moja. Ukindu umekuwa mwembamba sana.

Herufi yenye kimo cha nukta 16 kwenye kioo cha zamani ni milimita 4. Kwenye kioo kipya, nukta 16 hizo hizo ni milimita moja na nusu tu. Kwa kawaida kompyuta mpya hujua jambo hili, nayo huongeza nukta yenyewe. Lakini mtu akichezea mipango yake, au programu ikiwa ya zamani, nukta haziongezwi. Hapo ndipo tunapata mbegu za mchicha.

Tufanye hivi

Watu wengi hujua njia moja tu. Wanashika kitufe cha Ctrl, wanabonyeza alama ya kujumlisha, +. Herufi zinakuwa kubwa. Njia hii ni nzuri, lakini inakuza ukurasa wa chini tu. Ukanda wa juu unabaki vile vile. Hapa ndipo wengi wanapokwama. (Ukitaka ukurasa urudi kama mwanzo, bonyeza Ctrl pamoja na sifuri.)

Ili ukanda wa juu nao ukue, lazima tuiambie kompyuta yote iongeze nukta. Hatua zifuatazo ni za kompyuta zenye Windows 10 au Windows 11. Maneno kwenye kioo mara nyingi ni ya Kiingereza. Usiogope. Linganisha herufi moja moja, kama ulivyofanya siku za kwanza za kisomo.

1. Hifadhi kazi yako. Punguza madirisha yote mpaka uone kioo cha mwanzo.

2. Peleka mshale mahali patupu, pasipo na picha ndogo. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya. Orodha ya maneno itatokea.

3. Tafuta maneno haya: "Display settings". Yabonyeze.

4. Teremka polepole mpaka uone neno "Scale". Karibu yake kuna asilimia, kwa mfano 100%.

5. Bonyeza hapo, uchague 125%. Tazama. Kama bado ni ndogo, chagua 150%.

6. Funga kivinjari, ukifungue tena. Kama hakijabadilika, zima kompyuta kisha uiwashe.

Asilimia hizi ni hesabu rahisi. 100% maana yake hakuna kilichoongezwa. 150% ni mara moja na nusu. Herufi ya milimita 2 itakuwa milimita 3. 200% ni mara mbili.

Kuna wakati vitu vyote vinakua isipokuwa Firefox. Hapo mwite fundi, umpe karatasi yenye maneno haya: layout.css.devPixelsPerPx. Yeye atajua pa kuyatafuta ndani ya Firefox. Kwa kawaida pameandikwa -1.0, maana yake Firefox ifuate kompyuta. Akikuta namba nyingine, arudishe hiyo. Ikishindikana, aweke 1.5.

Tusifanye hivi

Tusipunguze nukta za kioo. Chini ya neno "Scale" kuna maneno "Display resolution". Baadhi ya watu hubadilisha hapo. Ni kweli, herufi zinakuwa kubwa, lakini zinapata ukungu. Nukta za kioo zimetengenezwa kiwandani, hazipungui. Kompyuta inalazimika kukisia, na herufi zinakuwa kama zimeandikwa kwa mkaa uliolowa. Anayeona 3 atadhani ni 8.

Tusiandike asilimia kubwa kwa kubahatisha. Chagua zilizo kwenye orodha. Ukiandika 400%, vitu vinaweza kujaa kioo chote, hata usione tena mahali pa kurudishia.

Tusikubali kuinama siku nzima. Shingo na mgongo vitauma, na anwani bado hutaisoma sawasawa.

Kompyuta ni ya wote

Kompyuta ya chama si ya katibu peke yake. Kijana mwenye macho makali anaweza kurudisha 100% kwa sababu anapenda kuona mambo mengi kwa pamoja. Kwa hiyo kamati ikubaliane juu ya kipimo kimoja ambacho hata mjumbe mzee kuliko wote anaweza kukisoma. Kiandikeni kwenye karatasi, mkibandike ukutani.

Mwaka 1968 mradi wa majaribio wa kisomo ulianza katika mikoa inayozunguka Ziwa Victoria, na Ziwa Magharibi ulikuwa mmojawapo. Mkoa huo ndio Kagera ya leo. Kisomo kile kilifungwa pamoja na kazi za watu, ili mkulima asome mwenyewe mambo ya shamba lake na mali yake. Mtu anayejua kusoma, lakini anasomewa kwa sababu herufi ni ndogo, amerudishwa nyuma. Tusirudi nyuma kwa ajili ya kitu kinachorekebishwa kwa dakika tano.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini herufi yenye nukta 16 ni ndogo kwenye kioo kipya kuliko kwenye kioo cha zamani?

2. Ctrl na + vinakuza sehemu gani? Haviikuzi sehemu gani?

3. Anwani ya ofisi ya Serikali huishia na herufi zipi? Kwa nini hatutazami katikati?

4. Kwenye chama chenu au ofisi ya kijiji chenu, ni wajumbe wangapi wanaoweza kusoma ukanda wa juu bila kusaidiwa? Nendeni mkajaribu.