Je, Wajua? Mgongo wa Kariokor, mgongo wa Buddha

Je, wajua kwamba jina Kariokor limezaliwa mgongoni? Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, jina ambalo ndimi zetu zililigeuza likawa Kariokor huku Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 25 hivi, siku nenda siku rudi. Makumi ya maelfu hawakurudi makwao, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi.

Je, wajua kwamba jioni wewe ni mfupi kuliko asubuhi, kwa sentimita moja au zaidi? Diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hupungua maji mchana kutwa. Karibu hazina mishipa ya damu. Hulishwa kwa kubanwa na kuachiwa, kama sifongo. Karani aliyeganda kitini tangu saa mbili asubuhi anazinyima mlo. Msukaji wa viondo sokoni Kariokor anaketi vilevile, lakini mtazame: anaweka mkonge chini, anainuka, anashika kiuno, anajinyoosha, ndipo anarudi kusuka. Anastahili kuigwa.

Je, wajua kwamba Buddha mwenyewe aliumwa mgongo? Maandiko ya Kibudha ya lugha ya Kipali yanasimulia kuwa Wasakya, watu wa ukoo wake, walimwalika katika ukumbi wao mpya mjini Kapilavatthu. Akafundisha hadi usiku wa manane, kisha akamwomba mwanafunzi wake Ananda aendelee, kwa kuwa mgongo ulikuwa unamuuma. Akakunja joho lake mara nne, akalitandika, akajilaza kwa ubavu wa kulia. Kisa hiki nakipenda mno. Wengi wetu ofisini tunauficha mgongo kama deni, na huyu aliusema mbele ya wenyeji wake, akalala. Ananda alipomaliza, Buddha aliinuka akamsifu.

Je, wajua mafundisho yake ya mishale miwili? Wa kwanza ni maumivu ya mwili. Wa pili tunajichoma wenyewe: umekwama kwenye matatu, kiuno kinawaka, nawe unawaza, "Nitafutwa kazi, watoto watakula nini?" Mbudha hufunzwa kuutazama uchungu ulipo, pumzi kwa pumzi, bila kuuongezea huo wa pili.

Je, wajua kwamba hospitali nazo zimeazima njia hii? Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kuwafunza wagonjwa tafakuri katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Utafiti wa mwaka 2016 ulifuatilia watu wazima 342 wenye maumivu sugu ya kiuno. Baada ya wiki 26, kiasi cha 60 kwa mia ya waliopangiwa mafunzo hayo walikuwa wamepata nafuu ya maana katika shughuli zao; kwa waliopata matibabu ya kawaida tu, 44.

Je, wajua kwamba mwalimu wa tafakuri hii yuko jirani? Bhante Buddharakkhita, mtawa mzaliwa wa Uganda, alianzisha kituo cha Wabudha karibu na Entebbe mwaka 2005.

Na hili usilisahau: mgongo ukiuma pamoja na ganzi sehemu za siri, miguu kuishiwa nguvu au mkojo kukushinda, acha kutafakari. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.