Je, Wajua? Kiwanda cha Bia cha New Ulm

Katika mji mdogo wa New Ulm, jimbo la Minnesota nchini Marekani, ulioasisiwa na wahamiaji wa Kijerumani mwaka 1854, August Schell na mshirika wake Jacob Bernhardt walianzisha kiwanda cha bia mwaka 1860. Na kwa kuwa bia ya Kijerumani ya aina ya lager haikomai ila kwa kulazwa majuma mengi penye baridi, watengenezaji wa zama zile walikata mabonge ya barafu wakati wa kipupwe wakayahifadhi chini ya ardhi. Lililo la ajabu zaidi, kwa rai yangu, ni ustahimilivu wa kiwanda cha Schell: pombe ilipoharamishwa tangu 1920 hata 1933, kiwanda kiliuza soda, peremende na bia isiyolewesha, nacho kingali milki ya wazao wa Schell.