BARIDI YABISI YA MBWA NA PAKA

Mwezi wa Julai asubuhi huwa na baridi kali huko Waithaka na sehemu zote za Dagoretti, na wakati huo wenye mbwa wazee huona jambo moja. Mbwa aliyekuwa akikimbilia lango kila apitapo mgeni, sasa huinuka kwa shida na kuchechemea. Akiisha kutembea kidogo, huonekana amepata nafuu. Watu wengi husema ni uvivu, au ni uzee tu. Lakini mara nyingi mnyama huyo ana ugonjwa wa baridi yabisi, nao humwumiza sana, ijapokuwa halii.

UGONJWA WENYEWE

Mahali mifupa miwili inapokutana pana gegedu laini lizuialo mifupa isisuguane. Gegedu hilo likilika, kiungo huvimba na kukakamaa. Baridi peke yake haiuleti ugonjwa huu, ila huweza kuzidisha maumivu. Wanaoupata zaidi ni mbwa wazee, mbwa wanene, waliowahi kuvunjika mguu, na wale wa aina kubwa, kama mbwa wa polisi wa asili ya Ujerumani, ambao wengine hurithi kasoro ya nyonga. Paka pia huupata, lakini huficha maumivu yake. Ukiona ameacha kurukia ukuta au meza, mwangalie vizuri.

Si kila mbwa achechemeaye ana baridi yabisi. Pengine amechomwa na mwiba, au ana ugonjwa uletwao na kupe, ambao nao huweza kuvimbisha viungo. Kwa hiyo yafaa apimwe na daktari wa wanyama.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, mbwa mnene apunguziwe chakula, kwa kuwa kila ratili ya unene ni mzigo juu ya viungo vyake. Pili, asilale juu ya saruji wala udongo wenye unyevu. Mtengenezee kitanda cha mbao kilichoinuka kidogo, utandike magunia makavu. Tatu, asifungwe mnyororo mchana kutwa, bali atembezwe mwendo mfupi kila siku, bila kukimbizwa.

HATARI YA DAWA ZA WATU

Jihadhari sana na jambo hili. Kidonge kimoja tu cha parasetamoli huweza kumwua paka, na ibuprofeni huharibu tumbo na figo za mbwa. Mwenye kumpa mnyama wake vidonge vya dukani hudhani anamhurumia, kumbe anamtilia sumu. Daktari wa wanyama anazo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili yao, naye hupima kiasi kwa uzito wa mnyama.

Gegedu lililokwisha kulika halirudi kama lilivyokuwa, lakini maumivu hupunguzwa. Watu wa Waithaka hawako mbali na msaada, maana Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha udaktari wa wanyama huko Kabete. Mbwa aliyelinda nyumba yako miaka kumi amestahili kutunzwa hivyo.