Mchanga wa Kiriba: Kupanda Mbegu za Tunda la Joka Macalder

Mbegu ya tunda la joka, au pitaya, ni chembe nyeusi ndogo kuliko ufuta. Haina akiba kubwa ya chakula ndani yake, na ukiifukia kwa kina cha kidole haitoki. Huchipua vizuri ikipata mwanga, kwa hiyo hunyunyizwa juu ya udongo na kufunikwa kidogo sana. Maisha yake ya mwanzo yote yanategemea udongo wa juu wa kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea miche.

Udongo mweusi wa mfinyanzi wa Nyatike, ilipo Macalder, haufai kwa kazi hii ukitumika peke yake. Ukilowa huvimba na kushikana, ukikauka hupasuka na kukata mizizi. Pitaya ni wa jamii ya dungusi kakati. Mizizi yake hukaa juu juu na inataka hewa. Maji yakituama, kinyausi huingia: shina hulainika pale linapogusa udongo, na mche ulioamka na majani yake mawili manene hulala chini kabla mwiba wa kwanza haujatokea katikati.

Mimi huchanganya mafungu mawili ya mchanga wa chenga na fungu moja la mboji iliyooza kabisa na kuchekechwa. Samadi mbichi huunguza miche. Jivu jingi nalo hufanya udongo uwe na chumvi na magadi kupita kiasi. Lowesha mchanganyiko, ukamate ngumi moja uukamue: ukibaki donge gumu, ongeza mchanga, ukisambaratika ukiguswa kidogo tu, unafaa.

Sasa, mchanga huo unatoka wapi? Hapa ndipo Macalder si sawa na mahali pengine. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966 lakini mabaki yake yaliyosagwa bado yapo, na wachimbaji wadogo wanaendelea kusaga mawe na kunasa dhahabu kwa zebaki. Mabaki hayo ni laini, yako karibu, na hayana gharama kubwa, kwa hiyo yanavutia kutumiwa kama mchanga wa kiriba. Lakini utafiti kuhusu ukanda wa dhahabu wa Migori uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta humo risasi, aseniki na zebaki kwa viwango vya kutia wasiwasi.

Kuuosha mchanga huo hakuondoi sumu. Kuuchoma ni hatari zaidi. Ni kweli kwamba tunapika udongo wa kitalu kwenye bati kwa nusu saa ili kuua vimelea vya kinyausi, na kwa udongo safi ni desturi nzuri. Lakini zebaki ikipata moto hugeuka mvuke usioonekana, na anayeuvuta ni wewe uliyeinama juu ya bati, pamoja na watoto walio karibu.

Mchanga wa mto nao uchotwe upande wa mto ulio juu ya mashine za kusaga mawe, kamwe si chini yake. Pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi, bila kugeuka jivu, zinaweza kushika nafasi ya sehemu ya mchanga: nyepesi, zinapitisha maji, na mpunga unalimwa kwenye mradi wa umwagiliaji wa Kuja ya Chini.

Mche wa mbegu huchukua miaka kadhaa kuzaa, mingi kuliko wa kipandikizi, na muda wote huo mizizi inanyonya kilichomo udongoni. Kabla ya kununua toroli la mchanga, muulize muuzaji umechotwa wapi. Asipokuwa na jibu, usinunue.