Namba ya kwanza ya mwanafunzi wa Dzaleka akifika Kanada

LILONGWE. Kijana wa Dzaleka anayepata ufadhili wa kusoma Kanada hamalizi makaratasi siku anapopanda ndege. Akifika huko anahitaji Namba ya Bima ya Jamii, yenye tarakimu tisa, ndipo aweze kuajiriwa.

Dzaleka iko Wilaya ya Dowa, yapata kilomita 50 kutoka Lilongwe. Tangu 1994 imepokea wakimbizi wengi wa Kongo, Burundi na Rwanda. Baadhi ya vijana wake wamesoma Kanada kupitia shirika la WUSC, linalodhamini wanafunzi wakimbizi tangu 1978. Huingia nchini humo kama wakaazi wa kudumu, wenye haki ya kufanya kazi.

Malawi hali ni tofauti. Ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987, ilisema kifungu cha hifadhi ya jamii itakichukua kama pendekezo tu. Machi 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waishio nje ya kambi warejee Dzaleka. Anayetaka kuajiriwa Lilongwe, au hata Mitundu, anahitaji kibali. Si ajabu basi kijana akaondoka bila kuwahi kuona hati ya mshahara yenye makato.

Namba hiyo hutolewa bure na Service Canada, ofisini au kwa mtandao, kwa kuonyesha hati ya ukaazi. Tangu 2014 haitolewi kadi, ni barua tu. Mwajiriwa humpa mwajiri namba yake ndani ya siku tatu tangu aanze kazi. Kupitia namba hiyo, makato ya pensheni, bima ya ukosefu wa ajira na kodi huandikwa kwa jina lake, hata akibadili kazi. Mwanafunzi mwenye kipato kidogo akiwasilisha hesabu zake za kodi, huenda akarudishiwa alichokatwa.

Hatari iko kwenye kuitaja ovyo. Aliyezoea kusema namba ya familia kwenye foleni ya mgao anaweza kumpa mwenye nyumba au kampuni ya simu namba hii bila kufikiri. Hao hawaihitaji. Mwajiri, benki inayolipa riba na mamlaka ya kodi ndio wanaohusika. Mwizi akiipata, anaweza kufanyia kazi au kukopea kwa jina la mwanafunzi, na deni likamfuata mwenye namba.