Bwawa kung'aa hakutoshi: pima maji kabla ya kuwaruhusu watu waogelee

Masika yakishakatika, hoteli za ufukweni zilizofungwa wakati wa mvua, kuanzia Watamu na Diani hadi Nungwi na Paje, hujiandaa kupokea wageni upya. Vyumba hupakwa rangi, makuti yaliyooza hubadilishwa, kisha kazi hufika kwenye bwawa la kuogelea ambalo pampu yake haijawashwa kwa wiki kadhaa. Maji yamekuwa ya kijani, kuta zinateleza na sakafu haionekani.

Muda ukiwa mfupi, wengi hukimbilia shabu na mrututu. Shabu hukusanya chembe zinazoelea na kuzituliza chini. Mrututu, kwa madini yake ya shaba, huua mwani. Baada ya siku chache maji yanaweza kurudia rangi ya samawati. Tatizo ni kwamba dawa hizi mbili hazitegemewi kuua vijidudu vya maradhi kwa kasi inayohitajika bwawani. Rangi huondoka, vijidudu vikabaki ndani ya maji yanayomvutia kila mtoto anayepita.

Mwani ni dalili

Mbegu za mwani huletwa na upepo, vumbi, mvua na hata nyayo za waogeleaji. Zikipata jua, joto na virutubisho kama naitreti na fosfeti, huzaana upesi. Aina nyingi zinazoota mabwawani hazimdhuru mtu moja kwa moja, lakini kuwapo kwake kunatuambia kwamba klorini imekwisha au imekosa nguvu. Klorini iliyoshindwa kuzuia mwani haiwezi kutumainiwa kuzuia bakteria.

Dunia ililiona jambo hili katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Bwawa la kupiga mbizi liligeuka kijani katikati ya mashindano. Waandaaji walieleza kwamba haidrojeni peroksidi ilikuwa imemwagwa kimakosa kwenye mabwawa yaliyokuwa tayari na klorini. Kemikali hizo mbili hubatilishana, kwa hiyo mwani ulipata nafasi ya kuota. Mitambo na wataalamu walikuwapo, lakini mchanganyiko usio sahihi ulitosha kuharibu kila kitu.

Anza na pH, klorini ifuate

Kazi ya kwanza ni ya mikono: ondoa majani, sugua kuta na ngazi kwa brashi, fyonza tope la chini. Uchafu unaobaki hula klorini kabla haijafika kwa vijidudu.

Kisha pima pH, yaani kiwango cha uasidi wa maji. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Klorini ikiingia majini hugawanyika sehemu mbili: asidi ya haipoklorasi, ambayo ndiyo muuaji hodari wa vijidudu, na ioni ya haipokloriti, ambayo ni dhaifu mno. Maji yakiwa na pH ya 7.0, takriban robo tatu ya klorini huwa katika sehemu ile yenye nguvu. Ikifika 7.5 hubaki kama nusu, na ikipanda hadi 8.0 hubaki kama robo tu. Fundi anayemwaga klorini kwenye maji yenye pH ya juu anaitupa sehemu kubwa ya dawa yake.

Lenga kati ya 7.2 na 7.6. Ikizidi, shusha kwa tindikali ya haidrokloriki kidogo kidogo huku pampu ikizungusha maji. Ikipungua, pandisha kwa magadi yaliyosafishwa kwa kazi hiyo. Pima pia alkalini, ambayo huizuia pH isiyumbe. Kiwango kinachofaa ni miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Mvua iliyojaa bwawani huipunguza, ilhali maji ya visima vilivyochimbwa kwenye miamba ya matumbawe mara nyingi huja na chokaa nyingi inayoganda kwenye vigae na mabomba. Mabwawa mawili ya mtaa mmoja yanaweza kuhitaji tiba tofauti.

Hapo sasa weka klorini ya kutosha kuua mwani, takriban miligramu 10 kwa lita. Bwawa lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita 1.5 lina lita 75,000. Linahitaji gramu 750 za klorini halisi, sawa na takriban kilo 1.2 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65. Iweke jioni, kwa kuwa jua linaweza kumaliza sehemu kubwa ya klorini isiyokingwa ndani ya saa chache. Acha pampu ifanye kazi usiku na mchana, na safisha kichujio kila kinapoziba. Mwani uliokufa huyafanya maji yawe meupe kama ya kuoshea mchele kabla ya kutakata. Kama ukijani ungalipo kesho yake, pima tena na urudie.

Usalama wa anayechanganya

Tindikali na klorini zikikutana hutoa gesi ya sumu inayounguza mapafu. Vidonge vya klorini vikichanganywa na klorini ya unga vinaweza kulipuka. Kila kemikali iwe na ndoo na kipimo chake, na siku zote dawa ndiyo itiwe kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya dawa. Kijana anayepewa kazi hii apewe pia glavu, miwani ya kinga na mafunzo.

Ni lini watu waogelee?

Subiri hadi klorini ishuke na kuwa kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita na sakafu ionekane wazi kutoka ukingoni. Sharti hili la pili limebeba uhai: mtu aliyezama kwenye maji yenye ukungu haonekani na mwokozi.

Kwa mujibu wa taasisi ya CDC ya Marekani, miligramu 1 ya klorini kwa lita, katika maji ya nyuzi 25 yenye pH ya 7.5, huua bakteria wa E. coli kwa chini ya dakika moja, na virusi vya homa ya ini aina ya A kwa takriban dakika 16. Kimelea cha Cryptosporidium, kinacholeta kuhara, huweza kustahimili zaidi ya siku 10. Ndiyo maana mwenye kuhara asiingie bwawani, hata maji yawe safi namna gani.

Ile harufu kali inayowasha macho, ambayo wengi huidhania kuwa ishara ya usafi, hutokana na klorini iliyoungana na jasho na mkojo. Kuoga kabla ya kuogelea huipunguza sana.

Wamiliki wa hoteli, shule na vilabu, bandikeni ubaoni vipimo vya kila siku vya klorini na pH. Wazazi, visomeni kabla watoto hawajavua viatu, na pasipo na ubao, ulizeni. Vifaa vya kupimia ni vya bei nafuu na jibu hupatikana kwa dakika chache, hivyo hakuna sababu ya kumwingiza mtoto kwenye maji ambayo hayajapimwa.