Siri ya Karatasi ya A4
Mwanafunzi anayeandaa tasnifu huagizwa aichape kwenye karatasi ya A4, yaani milimita 210 kwa 297. Je, vipimo hivi vilitoka wapi?

Mwaka 1786, mwanazuoni Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg alieleza kuwa karatasi ambayo urefu wake ni upana mara kipeuo cha pili cha 2 (takriban 1.414) ikikatwa katikati, kila nusu hubaki na umbo lile lile. Ujerumani iliifanya kanuni hiyo kuwa kiwango rasmi mwaka 1922. Ikawa ya kimataifa, ISO 216, mwaka 1975.

Chimbuko la vipimo ni A0, yenye eneo la mita mraba 1. Nusu yake ni A1, nusu ya A1 ni A2, hadi A4, ambayo ni sehemu moja ya 16.

Kwa sababu hiyo, kurasa mbili za A4 zikipunguzwa hadi asilimia 71 huenea kwenye A4 moja pasipo neno kukatwa. Karatasi ya Marekani iitwayo Letter (216 kwa 279) haina sifa hiyo. Basi, ndugu msomaji, kabla ya kuchapa tasnifu hakikisha kompyuta imewekwa A4. La sivyo, pambizo ulizozipima kwa makini zitavurugika.